Darizi Iliyolala Miaka Tisa: Namna ya Kuimaliza Katika Nyumba Yenye Shughuli Nyingi

Swali: Shikamoo Mwalimu. Kabla ya kujifungua mtoto wangu wa pili nilianza kudarizi, kwa mshono wa msalaba, picha ya shada la maua ya waridi ambayo nilikusudia kuitundika ukutani. Nilivuka nusu, kisha nikaikunja na kuiweka chini kabisa ya sanduku la nguo. Juzi nimeikuta, na sasa ina miaka tisa. Kitambaa cheupe kimekuwa cha manjano kwenye mikunjo, sindano niliyoiacha ndani imeshika kutu, uzi mwekundu umebaki kidogo, na nikitazama mchoro siwezi kujua nilikomea wapi. Nina watoto watatu, mama mkwe anayehitaji kuangaliwa, na kazi ya ajira. Je, inafaa kuendelea? Na nikiendelea, nifanyeje ili isirudi tena sandukuni?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kwa maoni yangu darizi iliyovuka nusu inafaa kumalizwa, isipokuwa kama kitambaa chenyewe kimeoza, au kama wewe mwenyewe huipendi tena picha hiyo. Sababu hii ya pili ni halali sawasawa na ya kwanza. Itandaze mezani wakati wa mchana, iache wazi siku moja au mbili huku ukipita na kuitazama, kisha ujiulize kama ungependa kuiona ukutani kwako leo, bila kujali ulichokipenda miaka tisa iliyopita. Ukiona huitaki, igawe kwa mtu anayejua kudarizi au ukate sehemu iliyokamilika uitumie kwa mto mdogo, na usijilaumu. Ukiona bado unaitaka, endelea kusoma.

Katika miaka ya kufundisha kazi hii nimejiridhisha kwamba darizi hazilali kwa sababu ya uvivu, na mara nyingi hazilali hata kwa sababu ya kukosa muda. Zinalala kwa sababu kila mwenye kazi anapotaka kuirudia hulazimika kwanza kutafuta mkasi, kutunga uzi kwenye sindano, kukumbuka alikomea wapi na kuhesabu miraba upya, na dakika ishirini alizozipata huisha kabla ya misalaba kumi. Baada ya siku chache za namna hiyo, mkono huanza kuikwepa kazi yenyewe. Kwa hiyo ushauri wangu wote unasimama juu ya jambo moja: maamuzi magumu yafanywe mwanzoni, katika vikao viwili au vitatu vya utulivu ambavyo hutadarizi hata msalaba mmoja, ili kila kikao kifupi kitakachofuata kiwe cha sindano na uzi tu.

Kikao cha kwanza ni cha kukagua kitambaa. Shika ukingo usio na darizi kwa vidole vya mikono miwili na uuvute taratibu, kwanza kwa upande wa mtande, yaani nyuzi za urefu wa kitambaa, kisha kwa upande wa mshindio, yaani nyuzi za upana. Kitambaa kizima hukaza na kurudi. Kitambaa kilichochoka hutoa mlio mdogo wa kukatika au huacha mpasuko mwembamba. Rudia jaribio hilo kwenye mkunjo uliogeuka manjano na karibu na doa la kutu, kwa kuwa hapo ndipo nyuzi hudhoofika mapema. Kikikatika mahali pamoja tu, unaweza kushikiza kipande cha pamba nyepesi kwa nyuma na kuendelea kudarizi kwa kupitisha sindano katika vitambaa vyote viwili. Kikikatika kila mahali, kazi ya kuendelea haina maana, na ni afadhali uihifadhi sehemu iliyokamilika.

Umanjano wa kwenye mikunjo kwa kawaida hutokana na mafuta na jasho la mikono, ambavyo havikuonekana siku uliyoikunja, lakini vimekuwa vikibadilika polepole gizani. Unaweza kupungua sana kwa kuoshwa, ila usiuoshe kabla ya kujua kama rangi za nyuzi zitatoka. Chukua kitambaa cheupe cha pamba, kiloweshe, kisha kikandamize kwa dakika moja au mbili nyuma ya sehemu zenye nyekundu, nyeusi na buluu iliyokolea. Kikibaki cheupe, iloweke darizi yote katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni laini, bila kuisugua wala kuikamua, na ubadilishe maji kila yanapochafuka. Kikipata rangi, acha kuosha kwa sasa. Endelea kudarizi na ulifikirie suala hilo mwishoni. Endapo rangi itaanza kuvuja ukiwa tayari umeshailoweka, usiitoe ili ikauke, kwa sababu rangi iliyovuja ikikauka kitambaani hung'ang'ania, na pasi huzidi kuikaza. Iache ndani ya maji baridi na uyabadilishe tena na tena mpaka yawe meupe kabisa.

Doa la kutu linahitaji uangalifu wa pekee. Watu wengi hukimbilia dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe, na hilo ndilo jambo moja ninalokusihi usilifanye: klorini haiondoi kutu, huweza kulifanya doa liwe baya zaidi, na hudhoofisha nyuzi za pamba ambazo kutu imeshazidhoofisha. Kinachoyeyusha kutu ni asidi nyepesi. Tia matone ya maji ya limau na chumvi kidogo juu ya doa tu, mbali na nyuzi za rangi, subiri, kisha suuza kwa maji mengi mpaka uwe na hakika kwamba hakuna asidi iliyobaki, kwa kuwa asidi iliyokaukia kwenye pamba nayo huila. Kama doa liko mahali patakapofunikwa na misalaba iliyobaki, na kitambaa hapo bado ni imara, mimi ningeliacha lilivyo. Sindano yenye kutu itupe, hata kama inaonekana kwamba ingesugulika. Mkwaruzo wake utachana kila uzi utakaoutunga. Kwa kitambaa cha matundu, ambacho wauzaji hukiita Aida, chenye miraba 14 katika kila inchi, tumia sindano butu ya namba 24 au 26.

Sasa nije kwenye uzi mwekundu, kwa sababu ndio unaowakatisha tamaa wengi. Uzi wa kudarizia wa pamba huuzwa katika vicha vidogo, kwa kawaida vya mita 8, na kila uzi umeundwa kwa nyuzi sita nyembamba zinazoweza kutenganishwa. Karatasi iliyokifunga kicha ina namba ya rangi, na kama unayo bado, rangi hiyo hiyo inaweza kupatikana hata baada ya miaka tisa. Shida ni kwamba viwanda hupaka rangi kwa mikupuo, na mikupuo miwili ya namba ileile inaweza kutofautiana kidogo. Tofauti ambayo huioni ukiwa na vicha viwili mkononi huonekana kama mstari pale misalaba ya uzi wa zamani na wa sasa inapokaa bega kwa bega. Zaidi ya hayo, nyuzi zilizopata mwanga huwa zimepauka. Usilinganishe uzi mpya na upande wa mbele pekee: geuza darizi na utazame nyuma, ambako mwanga haukufika, upime ni kiasi gani rangi ya mbele imetoka. Ulinganishe karibu na dirisha wakati wa mchana, kisha chini ya taa utakayoitumia usiku, kwa sababu nyekundu mbili zinaweza kufanana kabisa chini ya mwanga mmoja na kutengana chini ya mwingine.

Ukishajua tofauti iliyopo, igawe mahali ambapo jicho halitaitafuta. Njia iliyo bora ni kuupa uzi mpya ua zima ambalo hujalianza, na kuutunza uzi wa zamani kwa kumalizia maua yaliyoanzwa. Waridi moja likiwa limekolea kidogo kuliko jirani yake, mtazamaji huona kivuli cha kawaida. Nusu ya waridi ikikolea kuliko nusu nyingine, huona kasoro. Ikiwa uzi wa zamani hautoshi kulimaliza ua lililoanzwa, na wewe unadarizi kwa nyuzi mbili kwa pamoja, tunga uzi mwembamba mmoja wa zamani na mmoja mpya kwenye sindano moja, ujaze safu kadhaa kwa mchanganyiko huo, halafu ndipo uhamie kwenye uzi mpya peke yake. Mpaka kati ya rangi hizo usiwe mstari ulionyooka. Uache ukate kona, umeze mraba hapa na utoe mraba pale, kama petali zenyewe zilivyo. Kabla ya yote hayo, vuta kipande cha uzi wa zamani kati ya vidole vyako: ukikatika kwa urahisi, usiutumie hata kama rangi yake ni kamilifu.

Kikao kingine kiwe cha kujua ulipo. Piga picha darizi yote kwa simu, kisha tandika mchoro pembeni yake na uanzie katikati, si kwenye ukingo ulikokomea, kwa kuwa katikati ndiko hesabu zilikoanzia na ndiko uwezekano wa kosa ni mdogo. Ukitumia penseli ya rangi, funika kwenye mchoro kila eneo lililokwisha. Halafu chukua uzi mwembamba wa rangi tofauti kabisa na zile za picha, upige bandi, yaani mishono mirefu ya muda, kila baada ya miraba 10, kwa urefu na kwa upana, kwenye sehemu yote iliyobaki tupu, na uchore mistari ileile kwenye mchoro. Kazi hiyo inachosha na haina utamu wowote, lakini ndiyo inayokuokoa baadaye: badala ya kuhesabu miraba 67 kutoka ukingoni huku mtoto akikuita, utahesabu 7 kutoka kwenye uzi wa bandi ulio mbele ya macho yako.

Ukiwa na mistari hiyo unaweza pia kukadiria kazi iliyobaki. Kila mraba mkubwa wa 10 kwa 10 ukijaa una misalaba 100. Hesabu miraba iliyobaki, ile yenye darizi nusu ihesabu nusu, na utapata jumla iliyo karibu na ukweli. Tuseme imebaki misalaba 4,800, nawe umejipima kwa saa ukaona unatia 40 kwa dakika ishirini. Hapo una vikao 120, na ukipata vikao vinne kwa wiki, ni wiki 30. Watu huogopa kupiga hesabu hii, ilhali mimi sijaona kinachotuliza moyo kuliko hicho, kwa sababu kazi isiyo na kipimo huonekana haina mwisho. Ukiona wiki hizo ni nyingi mno, una haki ya kupunguza mchoro sasa hivi. Pambo la ukingoni linalozunguka picha, kwa mfano, hula misalaba mingi sana, na shada la waridi linasimama vizuri bila hilo. Amua sasa, kabla hujaanza, ili usije ukaishia kwenye upande mmoja wa pambo na kulazimika kuufumua.

Katika kikao hicho hicho, ukikuta jani au petali ambalo ulikosea hesabu zamani, jiulize swali moja tu: je, kosa hili linaisukuma sehemu inayofuata? Kama jani limenenepa kwa mraba mmoja na halijagusa kitu kingine, liache na uendelee. Kama shina limehama na waridi linalofuata litakaa mahali pasipofaa, lifumue leo. Kata misalaba kwa nyuma kwa mkasi mdogo wenye ncha kali, michache kwa wakati mmoja, utoe vipande kwa kibano, na usijaribu kuutumia tena uzi uliofumuliwa.

Mkono wako nao umebadilika. Huenda zamani ulivuta uzi kwa nguvu zaidi au kidogo kuliko sasa, na macho pia hayako kama yalivyokuwa. Itazame misalaba ya zamani kwa karibu, hata kwa kuikuza kwenye kamera ya simu, uone mguu wa juu wa kila msalaba umelala upande gani: unapanda kutoka kushoto chini kwenda kulia juu, au kinyume chake? Misalaba yako mipya lazima ilale vivyo hivyo, la sivyo mwanga utaipiga kwa namna tofauti na sehemu mpya itajitenga hata kama rangi zimelingana. Jizoeze kwenye kipande cha pembeni mpaka mvuto wa uzi ufanane na wa zamani, kisha anza na jani la pembezoni, si na ua la katikati. Kata uzi wa urefu wa kama sentimita 45, kwa sababu mrefu zaidi ya huo huchakaa kwa kupita matunduni. Kama unatumia mkono wa kulia, taa ikae kushoto kwako ili kivuli cha mkono kisifunike kazi, na kwa kuwa kitambaa chako ni cheupe, tandika nguo nyeusi mapajani. Utashangaa jinsi matundu yanavyojitokeza.

Baada ya hapo, muda. Sitakuambia uamke alfajiri wala ukatae wageni. Ninachokuomba ni utambue kwamba ndani ya darizi moja mna kazi mbili tofauti. Ya kwanza ni kazi ya kuhesabu: kuweka mipaka ya petali, kuanza shina jipya, kuhama kutoka ua moja kwenda jingine. Hiyo inataka utulivu, na ukikatizwa katikati unakosea. Ya pili ni kazi ya kujaza: mipaka ikishawekwa, ndani yake ni rangi moja, na mkono unaweza kwenda huku masikio yanamsikiliza mtoto akisoma kwa sauti au unazungumza na mama mkwe kando ya kitanda chake. Wenye nyumba zenye shughuli hushindwa kwa sababu hujaribu kuhesabu wakati wa kujaza, na saa yao moja ya utulivu huitumia kujaza. Tafuta kikao kimoja au viwili kwa wiki, nyumba ikiwa imelala, uvitumie kuweka mipaka ya maeneo mengi kadiri unavyoweza, bila kuyajaza. Siku nyingine zote, katika dakika zozote zitakazojitokeza, jaza tu.

Ili dakika hizo zisiliwe na maandalizi, weka kazi yako katika kisanduku kimoja chenye kifuniko, kinachokaa mahali unapokaa wewe jioni na mahali ambapo watoto wadogo hawafiki. Humo kiwemo kila kitu, na mkasi ufungwe kwa utepe kwenye kisanduku chenyewe ili usiazimwe kwenda kukatia karatasi. Tunga sindano tano au sita kwa pamoja, kila moja na rangi yake, uzichome kwenye kimto kidogo cha sindano. Jua idadi yake, uihesabu kila unapofunika, kwa usalama wa miguu ya nyumba nzima. Unapoacha, acha katikati ya safu, usiache mwisho wa rangi, kwa maana aliyeacha katikati ya safu hana la kufikiria anaporudi. Sindano iliyo kazini ichome kwenye ukingo wa nje utakaofichwa na fremu, kamwe usiiache ndani ya picha, na duara la kukazia kitambaa ulitoe kila unapomaliza, hata kama umechoka, kwa sababu alama yake ikikaa wiki nyingi huchukua uchafu na kuwa ngumu kutoka.

Zitakuja wiki ambazo hutagusa kitu: mtoto atapata homa, mama mkwe atahitaji usiku wako wote. Wiki hizo usizifidie baadaye kwa kukesha. Ikiwa sindano zimetungwa na mipaka imewekwa, utarudi baada ya wiki mbili na kuendelea kana kwamba uliacha jana, na huo ndio uliokuwa upungufu wa ile mara ya kwanza.

Msalaba wa mwisho ukishaingia, ondoa nyuzi za bandi, tia herufi za jina lako na mwaka kwenye kona ya chini, kisha osha. Kama jaribio la awali lilionyesha kwamba rangi hutoka, usiiloweke kabisa. Safisha tu maeneo meupe kwa pamba yenye unyevu. Vinginevyo osha kama nilivyoeleza, zungushia darizi ndani ya taulo ili maji yanyonywe, na ingali na unyevunyevu ilaze kifudifudi juu ya taulo nene na uipige pasi kwa nyuma, ili misalaba isibanwe ikawa bapa. Usiitundike mahali panapopigwa na jua, kwani nyekundu huathirika upesi. Nyuma ya fremu bandika bahasha yenye kipande cha kila uzi uliobaki, pamoja na namba zake, na uandike ni maua gani yaliyodariziwa kwa uzi wa zamani na ni yapi kwa uzi mpya, ili atakayeirekebisha siku moja asilazimike kukisia.